Kijivu Kisichoegemea

Mara ya kwanza printa ilimtoa kijani.
Lali Bunu, fundi chokaa, miaka arubaini juu ya ngazi,
amesimama mlangoni pa nyumba moja ya Langoni,
ndoo mkononi, mashavu ya mwani.

Nikampeleka dirishani. Akageuka zambarau.
Nikamrudisha chini ya taa ya tyubu: kijani tena.
Karatasi ileile, wino uleule,
nami katikati ya chumba
nambadilisha marehemu rangi kwa hatua tatu.

Mashine hii haiamini kijivu.
Ukiitaka kijivu hukimbilia sokoni,
ikanunua samawati kidogo, waridi kidogo, manjano ya kufungia,
ikavikoroga, ikatumaini hutatazama sana.
Mjane hutazama sana.

Bi Mwanashee aliishika kwa ncha za vidole,
akaisogeza mbali, akaileta karibu.
"Huyu si Lali. Lali hakuwa na mato ya chura."
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Hitma ni Alhamisi, nami sina nyingine."
Kweli hana. Negativu ni hiyo moja,
ina mkwaruzo begani na ukungu pembeni.

Usiku ule nikazifunga rangi zote,
nikaiacha nyeusi peke yake ifanye kazi.
Ikatoa uso wa chembechembe,
mchanga uliomwagwa juu ya shuka;
palipokuwa na mwanga pakaota ndui.
Lakini hakuegemea popote, si kijani, si zambarau.
Nyeusi husema kweli, ila sauti yake inakwaruza.

Nikaiweka kando karatasi ya mng'ao,
nikatia ile nzito, iliyofifia, inayokunywa wino polepole
kama ukuta mpya unavyokunywa maji.
Nikairuhusu rangi irudi, tone tu, ilainishe ndui.
Waridi nikaipunguza mbili. Kisha tatu. Kisha nikarudi mbili.
Stima ikapotea ukurasa ukiwa nusu:
Lali akabaki na kofia, paji na nyusi,
anachungulia kutoka kwenye weupe
kama mtu aliye nyuma ya ukuta anaoujenga mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka akiwa hai,
akipaka kiwanda cha kwetu, mimi na miaka tisa, kidole tayari.
"Usiguse. Chokaa ya yeo si nyeupe, imerowa tu.
Weupe wake waja keshokutwa."

Nyeupe haichapwi.
Miaka yote hii ya kununua wino, sikuwa nimeliona hilo.
Haina katriji. Kanzu yake, jino lake la mbele,
ukuta wote ule nyuma yake, ni karatasi
ambayo wino umeipisha kwa adabu.

Nikaacha kubonyeza. Nikaanika vipande vitano kwenye kamba,
mbali na dirisha na chumvi yake,
hadi asubuhi ya pili,
maana wino wa usiku nao hudanganya, kama chokaa mbichi.

Nikavipeleka vyote vitano kwake.
Kosa langu jingine lilikuwa hili:
nilikuwa namchapa kwa taa yangu
na yeye ataishi kwa taa ya mkewe.
Ukuta wake, chini ya zidaka, hupata jua la kuazima
kutoka kiwandani, saa nne hadi saa saba,
baadaye ni balbu, ya njano, ya zamani.
Tukavibandika kwa pini. Tukangoja jua.
Tukanywa kahawa, tukala kaimati za jana, tukangoja balbu.

Cha nne hakikuhama.
Kijivu cha jivu la jikoni, hakidai kitu.
Bi Mwanashee akakisogelea hadi pumzi ikagusa karatasi.
"Pua," akasema. "Pua imekaa."
Hakusema zaidi, nami sikuuliza macho.

Vile vingine hakunirudishia.
Mwezi uliofuata nilikikuta kile cha kijani
kimefunika kopo la sukari, kimefungwa mpira,
Lali Bunu kaelekea juu na ndoo yake,
chura wa Langoni,
analinda sukari isiingiwe na sisimizi.